Luo Union: mabingwa wa Afrika Mashariki mara mbili mfululizo, na venye walipokonywa jina

Wewe unayejiita shabiki sugu wa boli ya Kenya, hebu jibu hii bila kushika simu: tangu kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati lianze 1974, lile sai tunaita Kombe la Kagame, ni klabu gani ya Kenya ililileta nyumbani kwanza?

Umesema Gor Mahia? Zii. Ingwe? Karibu, lakini bado. Tusker? Hao walikuja nyuma kabisa.

Jibu ni Luo Union. Walilibeba 1976, na 1977 wakalibeba tena. Gor walingoja mpaka 1980 ndio walishike mara ya kwanza.

Kama ni mara yako ya kwanza kusikia hilo jina likiwa la timu ya mpira, tulia, hauko pekee yako. Mimi nilizaliwa ocha, Pap Onditi huku Nyakach, mahali mtoto anapewa jezi ya kijani kabla ajue kuandika jina lake, na bado nilifikisha miaka ishirini na kitu bila kuijua hii stori. Nilijulia kwa kibanda cha kuonyesha mpira. Wasee walikuwa wanabishana ni nani mkubwa kati ya Gor na Leopards. Mzee mmoja alikuwa ameleta simu yake tu kuchaji. Akasema pole pole, "Nyinyi mnabishania watoto. Mama yao hamumjui." Mbogi nzima ikacheka, mmoja akasema hizo ni stori za jaba. Mzee akachukua simu yake, akaenda.

Hazikuwa stori za jaba. Sina digrii ya historia, campo nilitoka kabla ya kumaliza, lakini kusoma sikuacha. Hii hapa stori yote, kutoka mwanzo, ndio siku ingine ukisikia mzee akiongea hivyo usicheke.

Klabu kwa ufupi

- Jina la kwanza: Luo Union
- Jina la baadaye: Re-Union (wengine huandika Reunion)
- Makao: Nairobi, lakini mizizi iko Kisumu na ukanda wote wa ziwa
- Ubingwa wa ligi ya Kenya: mara 2 (1964 na 1975)
- Ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati: mara 2 (1976 na 1977)
- Klabu iliyotoka tumboni mwake: Gor Mahia, 1968
- Jina kubadilishwa: 1980, baada ya serikali kukataza majina ya makabila

Kabla ya timu kulikuwa na chama

Kwanza weka hii kwa kichwa: Luo Union haikuanza kama timu ya mpira. Ilikuwa chama cha watu.

Reli ilifika Kisumu 1901, wakati mji bado ukiitwa Port Florence. Hiyo reli ilibeba mizigo, na ikabeba pia watu wetu kwenda kutafuta kazi. Wajaluo wakasambaa Nairobi, Nakuru, Mombasa, Kampala, Jinja. Wengine walifanya kazi kwa reli yenyewe, wengine bandarini, wengine maofisini, wengine majikoni kwa wazungu. Nairobi walijazana Makongeni, Kaloleni, Shauri Moyo, mitaa ya Eastlands iliyojengewa Waafrika.

Sasa fikiria uko huko mbali, huna mtu. Ukigonjeka nani atakujua? Ukifa nani atakusafirisha mpaka boma la babako? Hapo ndipo Luo Union iliingia. Wasee walikuwa wanachanga. Pesa za mazishi, pesa za karo, pesa za kusaidia mgeni aliyefika mjini juzi na hana pa kulala. Chama kilikuwa na matawi Afrika Mashariki nzima, na kiongozi wake mkuu aliitwa Ker. Miaka ya 50 cheo hicho kilishikwa na Jaramogi Oginga Odinga, huyo huyo aliyekuja kuwa makamu wa rais wa kwanza wa Kenya.

Ukitaka ushahidi unaoweza kushika kwa mkono, nenda Kisumu uone ukumbi wa Ofafa Memorial. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi na mweka hazina wa Luo Union. Aliuawa 1953, wakati wa hali ya hatari. Wanachama wakachanga mpaka wakajenga ukumbi wa kumkumbuka. Nairobi nayo ikampa mitaa: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo, Ofafa Kunguni. Kama umekulia Eastlands, umekuwa ukitaja hilo jina kila siku kwa makanga bila kujua ni la nani.

Watu wenye nguvu ya kujenga ukumbi hawawezi kushindwa kuunda timu ya mpira. Na wikendi, kijana wa kazi ya mkono mwenye hana doh ya kwenda klabu za wazungu alikuwa na raha gani ingine? Boli. Timu ikabeba jina la chama. Mashabiki nao walikuwa tayari wapo, maana ukiwa mwanachama, timu ni yako.

1964: msimu wa pili wa ligi, kombe la kwanza

Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na mwaka huo huo ligi ya taifa ikaanza. Bingwa wa kwanza kabisa alikuwa Nakuru All Stars. Msimu wa pili, 1964, bingwa akawa Luo Union.

Soma hiyo mara mbili. Kabla Gor Mahia izaliwe, kabla kuwe na kitu kinaitwa Tusker, kabla hata Abaluhya waonje ubingwa wao wa kwanza 1966, jina la Luo Union lilikuwa limeshaandikwa kwa orodha ya mabingwa wa Kenya. 1965 kombe likaenda Mombasa kwa Feisal, halafu Abaluhya wakalichukua 1966 na 1967.

Wachezaji wa enzi hizo usiwafananishe na wa leo wenye mikataba na mawakala. Mpira haukuwa unalipa. Wengi walikuwa na kazi ya mchana, jioni ni mazoezi, Jumapili ni mechi. Uwanja mkubwa wa watu wa Eastlands ulikuwa ule ulio kando ya Jogoo Road, karibu na Kaloleni na Makongeni, ambao wengi tunaujua kama City Stadium. Ulikuwa unatoka kwa nyumba, unatembea dakika chache, uko ndani.

1968: mtoto anazaliwa

Kufikia mwisho wa miaka ya 60 kulikuwa na shida moja. Nguvu ya watu wa ziwa ilikuwa imegawanyika. Kulikuwa na Luo Union, na kulikuwa na Luo Sports Club, iliyoitwa pia Luo Stars. Huku Abaluhya wameungana na wanatesa ligi mara mbili mfululizo. Hesabu ilikuwa rahisi: ama muungane, ama mzidi kupigwa.

Tarehe 17 Februari 1968, hizo mbili zikaungana. Klabu mpya ikaitwa Gor Mahia, jina la mganga maarufu wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, ambaye hadithi zake kila mtoto wa Luo Nyanza amezisikia. Gor ndilo jina lake, na mahia ni maajabu. Jina likafanya kazi yake, maana mwaka huo huo wa kwanza Gor wakabeba ligi.

Kilichofuata 1969 kilifanya hiyo timu iwe zaidi ya timu. Tarehe 5 Julai, Tom Mboya akapigwa risasi katikati ya Nairobi. Tarehe 25 Oktoba, Rais Kenyatta akaenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile wazee mpaka leo wanaiita "Russia". Kukatokea kurushiana maneno kati yake na Odinga, vurugu zikazuka, walinzi wakafyatulia umati risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini.

Sasa kama wewe ni mtu wa Kisumu au Nyakach mwaka wa 1970, huna chama cha siasa, mtu wako mkubwa yuko ndani na mwingine yuko kaburini, ni wapi unaruhusiwa kusimama na watu elfu kadhaa na kupiga kelele kwa sauti yako yote? Ni uwanjani peke yake. Ndio maana ukiona mashabiki wa Gor wakilia timu ikifungwa, usidhani ni mabao matatu tu wanayalilia.

1975 mpaka 1977: mama anarudi na moto

Wengi hufikiria Luo Union iliishia hapo 1968. Hapana. Jina halikufa. Luo Union ilijipanga upya, ikarudi, na kwa miaka kadhaa watu wa ziwa wakawa na timu mbili kubwa Nairobi.

Cheki ligi ya miaka hiyo ilikuwa ngumu aje. Kutoka 1972 mpaka 1979 ni klabu nne tu zilibeba ubingwa:

- Kenya Breweries (Tusker ya leo): 1972, 1977, 1978
- Abaluhya: 1973
- Gor Mahia: 1974, 1976, 1979
- Luo Union: 1975

Hakukuwa na nafasi ya kubahatisha hapo. Na 1975 Luo Union walipita katikati ya hao wote, miaka 11 baada ya ubingwa wao wa kwanza.

Halafu ikaja 1976. Kombe la klabu bingwa la kanda lilikuwa limeanza 1974, na likabaki Tanzania mara zote mbili za kwanza: Simba 1974, Yanga 1975. Mwaka wa tatu mashindano yalikuwa Uganda. Uganda ya Idi Amin, na katika mwaka ule ule ambao Amin alisimama akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, pamoja na hii yetu ya ziwa, ni ardhi ya Uganda. Luo Union wakafika fainali, wakakutana na Yanga, bingwa mtetezi. Mambo yakaisha 2-1. Kombe likavuka mpaka kuja Kenya.

Kwa hivyo weka picha hii: 1976 mtoto, Gor Mahia, alibeba ligi ya Kenya. Mama, Luo Union, akabeba Afrika Mashariki. Mwaka mmoja, nyumba moja, makombe mawili.

1977 mashindano yakawa Tanzania. Huo pia haukuwa mwaka wa kawaida, maana ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Fainali ilikuwa dhidi ya Horsed, timu ya jeshi kutoka Mogadishu. Tena 2-1. Tena Luo Union.

Walikuwa klabu ya kwanza kutetea hilo kombe likabaki kwao. Simba hawakuwa wameweza. Yanga hawakuwa wameweza. Timu iliyoanzia kwa watu wa kuchangiana pesa za mazishi ndiyo iliweza.

1980: jina linapigwa marufuku

Mzee Kenyatta akafariki Agosti 1978, Moi akaingia. 1980 serikali ikaamua kwamba vyama vya kikabila vimekwisha. GEMA ya Wagikuyu, Waembu na Wameru, chama cha Waluhya, Luo Union, vyote vikaambiwa vijifunge. Na kwa mpira amri ikawa hiyo hiyo: hakuna timu kuitwa jina la kabila.

Hoja yao haikuwa ya kijinga, tuseme ukweli. Nchi inajaribu kuwa moja, halafu kila Jumapili watu wanajipanga uwanjani kwa kabila na wanarushiana mawe. Unaweza kuelewa mtu akisema tupunguze hii. Lakini angalia kilichotokea kwa klabu tatu zilizoguswa, maana hapo ndipo penye somo.

*Abaluhya* walicheza akili. Walikuwa wanajulikana kama AFC, Abaluhya Football Club. Wakaweka herufi zile zile, wakabadilisha maana: All Footballers Confederation. Wakaongeza Leopards mbele. Herufi A, F na C hazikusonga hata kidogo, na shabiki alijua bado ni nyumbani. Ingwe inaishi mpaka leo.

*Gor Mahia* walikuwa na bahati. Jina lao halikuwa la kabila, lilikuwa la mtu. Hata hivyo presha ilikuwepo, na kuna wakati jina lilivalishwa suti ya Kizungu: Gulf Olympic Rangers. Hesabu hizo herufi za mwanzo. G, O, R. Mashabiki wakaendelea kuimba Gor kama kawaida, na jina la zamani likarudi.

*Luo Union* hawakuwa na mahali pa kujificha. Kabila liko pale mwanzo wa jina, herufi kubwa. Wakatoa "Luo", wakaweka "Re". Re-Union. Walijaribu kubaki na nusu ya jina, na ukifikiria maana yake, kuungana tena, lilikuwa jina zuri tu.

Ila Re-Union walipoteza kitu ambacho hao wengine wawili hawakupoteza. Jina lilikuwa mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na chama kizima: matawi, wanachama, michango, wazee wa kuamua. 1980 serikali haikubadilisha jina la timu peke yake. Ilifunga pia nyumba iliyokuwa inailisha.

Kwa nini Re-Union haikurudi juu

Hapa naongea kama mtu aliyeketi akafikiria, na unaweza kunipinga. Naona sababu tatu.

Ya kwanza ndiyo hiyo: chama kiliondoka. Timu ya jamii inaishi kwa watu wanaohisi ni yao. Ukiwaambia hao watu chama chao ni kosa, unabaki na wachezaji 11 na mkufunzi.

Ya pili, mtoto alikuwa mlango wa pili. Shabiki wa Luo Union aliyepoteza jina lake hakuhitaji kutembea mbali. Gor walikuwa hapo, jina lao linasimama, na walikuwa moto. 1979 walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Washindi Afrika na kupigwa na Canon Yaoundé ya Kameruni. 1980 na 1981 wakabeba Afrika Mashariki, na 1985 tena. 1987 ndio ile siku kubwa ya Kasarani: baada ya sare ya 2-2 ugenini Tunis, wakatoka 1-1 na Espérance nyumbani, na bao la ugenini likawapa kombe la Afrika. Mpaka leo hakuna klabu ingine ya Kenya imewahi kubeba kombe la bara. Ungekuwa wewe, ungeenda kushangilia nani?

Ya tatu, doh. Miaka ya 80 na 90 mpira wa Kenya ulijaa timu za makampuni na mashirika ya serikali. Breweries, posta, benki, viwanda vya sukari. Hizo zilikuwa zinampa mchezaji kitu ambacho Re-Union hawangeweza: kazi, payslip, nyumba. Kijana mwenye kipaji anachagua mshahara. Huwezi kumlaumu.

Re-Union wakaendelea kucheza Nairobi kwa miaka mingi, lakini ubingwa wa ligi haukurudi tena, na Afrika Mashariki ndio kabisa. Wakashuka ngazi pole pole, mpaka kukawa na watoto wanaozaliwa Kisumu bila kuwahi kusikia.

Usifikirie ni stori ya kitambo tu

Hapa ndipo nataka usikize vizuri, hasa kama wewe ni mtu wa ziwa.

Luo Union waliuawa na amri. Lakini angalia timu zetu zingine zilivyoenda bila mtu yeyote kuzipiga marufuku.

Chemelil Sugar, hapa hapa kaunti ya Kisumu, walibeba kombe la Kenya 2003. Kiwanda kikaanza kuyumba, timu ikayumba nacho, na baada ya msimu wa 2019/20 hawakuwa tena ligi kuu. SoNy Sugar kutoka Awendo walikuwa mabingwa wa Kenya 2006, mabingwa kabisa, na msimu huo huo wa 2019/20 wakatupwa nje ya ligi baada ya kukosa kufika mechi tatu. Kisumu All Stars, waliobeba jina la mji wenyewe, walipanda ligi kuu msimu huo huo, wakakaa mwaka mmoja, wakashuka.

Umeona? Mji una uwanja wa kisasa pale Mamboleo, uliofunguliwa 2021 kwa sherehe za Madaraka. Una vijana wanaocheza boli kuliko kitu kingine chochote. Uwanja tunao, vipaji tunavyo. Kinachokosekana ni kile Luo Union walikuwa nacho kabla hata ya kuwa na jezi: watu wanaochanga kidogo kidogo na kusema hii ni yetu.

Timu ya kiwanda inakufa kiwanda kikikosa pesa. Timu ya mwanasiasa inakufa uchaguzi ukiisha. Timu ya watu inaweza kufa pia, tumeona 1980. Ila ilibidi itolewe amri ya serikali nzima ndio ife, na bado ikaacha mtoto aliyebeba ligi mara nyingi kuliko yeyote Kenya.

Hapo pia pana swali gumu ambalo hatuwezi kulikwepa. Timu ya watu, ya watu gani? Luo Union ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa ya kabila, na hiyo nguvu ndiyo iliyoifanya ionekane hatari. Siombi turudi kwa kupanga viwanja kwa kabila. Lakini mtaa unaweza kuwa na timu. Soko linaweza kuwa na timu. Wasee wa nduthi wa stage moja wakichanga shilingi 20 kila Jumamosi wanaweza kuwa na timu, na mtu wa kabila lolote anayepanda nduthi hapo ni shabiki wao. Kuchanga si kitu cha kabila.

Miaka ya kushika

- 1901: Reli inafika Kisumu
- 1953: Ambrose Ofafa, mweka hazina wa Luo Union, anauawa
- 1964: Luo Union mabingwa wa Kenya
- 1968: Luo Union na Luo Sports Club wanaungana, Gor Mahia inazaliwa
- 1975: Luo Union mabingwa wa Kenya tena
- 1976: Mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati, 2-1 dhidi ya Yanga
- 1977: Mabingwa tena, 2-1 dhidi ya Horsed
- 1980: Majina ya makabila yanakatazwa, Luo Union inakuwa Re-Union

Mwisho wa stori

Wageni huniuliza Pap Onditi maana yake nini. Kwa Dholuo, pap ni uwanja, mahali peupe pa wazi, na ndilo neno tunalotumia kwa uwanja wa mpira. Kwa hivyo natoka mahali ambapo hata jina lake lina uwanja ndani, na ilibidi mzee mwenye simu isiyo na moto anifundishe historia ya uwanja.

Yule mzee wa kibanda nilimtafuta baadaye. Nikampata kwa duka, nikamwambia nimesoma, na kwamba alikuwa sawa. Hakushangaa. Aliniuliza tu kama wale wenzangu waliocheka nao wameambiwa.

Ndio maana nimeandika. Wale waliosimama uwanjani miaka ya 70 sasa wako na miaka 70, 80. Kama uko na kwara au mzee wa mtaa wa umri huo, muulize wiki hii, si Krismasi. Muulize alikuwa anashabikia nani kabla ya Gor. Muulize kama ana picha. Ukipata picha, ipige na simu yako, uandike nyuma majina ya waliomo na mwaka, umrudishie yake.

Na ukirudi kwa kibanda na ubishi uanze tena, nani mkubwa kati ya Gor na Ingwe, waambie. Wakicheka, wataje tu miaka: 1976, 1977.